Nili na Wakurugenzi Wanne

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho cha kazi, na hapo ndipo lilipobaki. Kiwandani, mtaani na hata ukweni aliitwa Nili, jina la rangi ya buluu, kwa sababu ya mikono yake. Aliingia idara ya rangi ya kiwanda cha nguo akiwa bado hana ndevu za kunyoa, na buluu ya sare za shule ikamkaa kwenye kucha na mikunjo ya viganja kiasi kwamba hata akijisugua kwa sabuni na mchanga haitoki. Siku ya harusi yake alivaa glavu nyeupe. Bibi harusi aliziangalia, akamnong'oneza, "Unaficha nini, mwenzangu, wakati nimeshaiona?" Akazivua. Picha zote za harusi ile zinaonyesha bwana mwenye suti nyeusi na mikono kama kaazima kwa mtu mwingine.

Kiwanda kilikuwa kando ya mto, maana nguo haitiwi rangi bila maji, na maji yakishafanya kazi lazima yaende mahali. Yalikwenda mtoni, kupitia bomba pana lililotokeza nyuma ya karakana. Hakuna aliyelificha. Kukiwa na oda ya sare za shule mto ulikuwa wa buluu. Kukiwa na oda ya mashati ya walinzi ulikuwa wa kahawia. Na wakipata mapazia ya hoteli ulikuwa mwekundu kama kumechinjwa ng'ombe huko juu.

Mama mkwe wake Nili aliishi upande wa chini, pale mto unapopinda, na alifuga bata weupe. Weupe, yaani, siku walipoanguliwa. Baada ya hapo walichukua rangi ya oda. Mtu akitaka kujua kiwanda kinashona nini hakuwa na haja ya kwenda ofisi ya mauzo. Alikaa barazani kwa mama mkwe akasubiri bata warudi jioni.

"Mkwe wangu," mama mkwe alimwambia siku moja, "waambie wenzako wiki hii zambarau wamezidisha. Hainipendezi."

"Nitawaambia, mama," alijibu Nili, macho chini. Mtu habishani na mama mkwe wake, hasa akiwa na haki.

Hakuwaambia. Angemwambia nani? Mwenye kiwanda alikuwa Mzee, mwanzilishi mwenyewe, mtu wa mashine na jasho, aliyejua kila mkanda na kila nati kwa mlio wake. Mzee hakuwa mbaya. Nili alipoteleza kwenye sakafu yenye maji akiwa kabeba robota la kitambaa, akaumia mgongo, na daktari akasema asibebe tena kitu kizito, meneja alitaka aachishwe. Mzee akasema, "Mtu kaumia kwangu, atakula kwangu. Mpeni ufagio." Nili akawa mfagizi wa uwanja.

Ndivyo alivyokuwa, na ufagio mkononi, siku wanunuzi wa ng'ambo walipopiga simu kwa Mzee. Walikuwa na swali moja jipya: kiwandani kwake, nani anasimamia mazingira?

Mzee akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia katibu wake. "Mazingira kwa maana yao ni nini hasa?"

"Ni vitu vya nje, Mzee. Miti, majani, hewa."

Mzee akatazama dirishani. Uwanjani, chini ya kivuli, Nili alikuwa anakusanya majani makavu.

"Tunaye," Mzee akaiambia simu. "Tena yuko kazini. Namwona kwa macho yangu."

Kesho yake Nili aliitwa ofisini, akakabidhiwa koti la kijani lenye neno AFISA mgongoni, na meza moja kwenye ujia, karibu na choo. Alisimama na koti mkononi, hajui alivae au alikunje.

"Samahani, Mzee. Kazi yangu itakuwa nini?"

"Kuwepo."

"Kuwepo wapi, Mzee?"

"Kuwepo tu. Wakiuliza kama yupo, tuseme yupo, na isiwe uongo. Mimi uongo siusemi."

Na kweli hakuusema. Miaka yote ya Mzee mto ulikuwa na kila rangi isipokuwa ya maji, lakini hakuna aliyedanganywa. Mara moja tu Nili alijikaza, akamweleza habari za bata. Mzee alicheka mpaka akakohoa, akaamuru mama mkwe apelekewe gunia la chakula cha bata. Hiyo ndiyo iliyokuwa sera ya mazingira ya enzi ile, na mama mkwe alikiri kwamba sera ile ilikuwa na uzito, maana ilibebwa na watu wawili.

Mzee alifariki mchana wa siku ya kazi, kitini mwake. Mashine zote zilizimwa, na wafanyakazi wakaduwaa kwa ule ukimya, kwani wengi wao hawakuwahi kuusikia.

Akashika kiti mwanawe, aliyekuwa masomoni nje. Huyu alikuja na tai ya kijani. Akaamuru dohani la kiwanda lipakwe kijani, moshi ukatoka mweusi vilevile lakini mahali pa heshima. Katika mkutano wake wa kwanza alitaja neno "mazingira" mpaka wale wa mashine za kufuma wakawa wanagusana viwiko kila likitokea. Wakambatiza Bwana Kijani. Alipolisikia hakukasirika, alilipenda, akaagiza liwekwe kwenye jarida la kiwanda.

Hakuwa mnafiki, hilo lazima lisemwe. Aliyaamini maneno yake yote. Alipozungumzia vizazi vijavyo machozi yalimlenga, na Nili, aliyekaa mstari wa mbele kwa cheo chake, alijikuta naye anapangusa macho. Tatizo ni kwamba Bwana Kijani akishamaliza kusema alijisikia kama mtu aliyekwisha kutenda, akaenda kupumzika.

Nili alipandishwa. Alipata ofisi yenye mlango, na mlango wenye kitasa, na ukutani picha ya maporomoko ya maji. Alipata tai. Alipata kadi ndogo za kugawa, akazigawa hata kwa watu waliomjua tangu utotoni. Jioni ya kwanza alimpa na mkewe moja.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa anaanua nguo. Aliisoma kadi mbele na nyuma. "Kwa hiyo sasa mto ni wako?"

"Si wangu. Niko juu yake."

"Haya. Ukiwa hukohuko juu, siku moja uangalie chini."

Nili alicheka, lakini hakuangalia. Alikuwa na shughuli. Bwana Kijani alikuwa amechimbisha bwawa la samaki kwenye lango kuu, palipo na maua, na kando yake bango kubwa: MAJI HAYA YAMETOKA KIWANDANI. Samaki waliogelea humo, wanono, wenye furaha ya kutosha.

"Bosi," Nili aliuliza kwa upole siku bango liliposimikwa, "haya si maji ya bomba la mjini?"

"Kwa sasa," alisema Bwana Kijani, akamshika bega. "Mtambo wa kusafishia maji tutaununua. Bango limetangulia, mtambo utafuata. Watu hawawezi kuota kitu ambacho hawajakiona."

Bango likatangulia, na likaendelea kutangulia. Samaki, kwa sababu zao wenyewe, walikufa kila baada ya muda, na kazi kubwa ya afisa wa mazingira ikawa kwenda kwa mfugaji mmoja nje ya mji kuchukua wengine kabla ya wageni kufika. Wafanyakazi waliliita lile bwawa Hoteli. "Wageni wanaingia vizuri," walisema, "ila hakuna anayekaa."

Ajabu ni kwamba Nili aliipenda kazi hiyo. Mtu aliyekuwa anafagia sasa anasimama mbele ya mabalozi wa makampuni na wanafunzi wa vyuo, anaelekeza kidole cha buluu kwenye maji na kusema sentensi aliyofundishwa na bosi: "Samaki hawasemi uongo." Kila mara walipiga makofi. Alianza kuisema hata nyumbani, wakati pacha wake wanagombana nani kavunja kikombe.

Kisha wanunuzi wa ng'ambo wakatangaza kwamba wanakuja wenyewe. Safari hii si simu, ni miguu.

Siku moja kabla hawajafika, maji ya mjini yakakatika. Jua lilikuwa kali, bwawa likashuka mpaka samaki wakawa wanaonekana migongo. Bwana Kijani akamwita fundi wa pampu, mtu mtiifu asiyependa kuuliza maswali, akamwambia, "Asubuhi nikute bwawa limejaa." Halafu akaingia ofisini kunoa hotuba.

Fundi wa pampu alifikiri. Kiwandani mle palikuwa na maji ya aina moja tu ambayo hayakuwahi kukatika. Akaunganisha mpira mrefu kutoka idara ya rangi mpaka langoni. Wiki ile walikuwa na oda ya mashuka ya hospitali, meupe, kwa hiyo maji yalikuwa ya dawa ya kupaushia, hayana rangi, yanang'aa kama kioo. Hakuna aliyeona tofauti. Kwa mara ya kwanza tangu lisimikwe, bango lilikuwa linasema kweli.

Wageni walikuja. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu bapa na maneno machache. Bwana Kijani aliwasimamisha ukingoni, akaligeuzia bwawa mgongo ili awatazame usoni, akaanza na vizazi vijavyo.

Nili ndiye aliyeona kwanza. Samaki mmoja alipanda juu taratibu, akageuka, akaonyesha tumbo. Halafu wa pili. Halafu wakawa wanapanda kwa makundi, kama watu wanaoitwa mkutanoni.

"Wana nini wale?" aliuliza yule mama.

"Wanafurahia maji safi," alijibu Bwana Kijani bila kugeuka. Kisha akageuka. "Afisa!" akaita.

Macho yote yalikuwa kwa Nili, na yale ya samaki pia. "Wamepumzika, bosi," alisema. "Saa hizi ndizo saa zao."

"Wote chali?" aliuliza yule mama.

"Wamechoka sana, mama."

Labda hapo pangeweza kupatikana njia ya kutokea, maana Bwana Kijani alikuwa mwepesi wa maneno. Lakini fundi wa pampu, aliyekuwa kasimama nyuma akisubiri kusifiwa, akajisogeza mbele. "Bosi, limejaa vizuri? Nimevuta kutoka idara ya rangi, kama bango linavyosema."

Yule mama akafunga mkoba wake. Hakuuliza swali lingine, na oda zao hazikuja tena.

Bodi ilikaa. Bodi ile ilikuwa ukoo: baba wadogo, mashangazi, na wajomba wawili waliokuwa wanasinzia. Walimlaumu Bwana Kijani kwa sauti kubwa, halafu wakakubaliana kwamba kijana anayeongea vizuri namna ile asipotezwe. Wakamsaidia akawa mwenyekiti wa Umoja wa Viwanda kwa Ajili ya Mazingira, huko mjini, ambako hakukuwa na kiwanda cha kumsumbua. Nili alikaa ofisini kwake chini ya maporomoko ya maji, akisubiri barua ya kumfukuza. Haikuja, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuiandika. Kiti cha mkurugenzi kilikuwa wazi, na kiwanda kinachoyumba hakigombewi.

Mwishowe kiti kikamwangukia dada yake Mzee. Wote walimwita Shangazi wakiwa mbele yake, na nyuma yake walimwita Zima Taa. Maisha yake yote alikuwa kaendesha ghala la vipuri, ambako msumari uliopinda ulinyooshwa na ulionyooka ukaandikiwa risiti. Akipita kwenye ujia alizima taa za kila chumba, hata chenye watu ndani. Kuna mikutano ya kiwanda kile iliyomalizika gizani, na inasemekana ndiyo iliyokuwa mifupi na yenye maamuzi.

Wiki yake ya kwanza alizunguka kiwanda chote kwa miguu, fimbo mkononi, Nili nyuma yake kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa hana kazi. Walifika nyuma ya karakana. Kulikuwa na oda ndogo ya sare za shule. Zima Taa akasimama mbele ya bomba.

"Hii ni nini?"

"Ni bomba, Shangazi."

"Bomba naliona, sijawa kipofu. Nauliza hiki kinachotoka."

"Ni maji yaliyokwisha kutumika."

"Mbona ya buluu?"

"Yana rangi, Shangazi."

"Rangi yetu?"

"Ndiyo."

"Tuliyoinunua sisi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Inakwenda wapi?"

"Mtoni."

Zima Taa aliutazama mto, akamtazama Nili. "Kwani mto umeweka oda?"

Zima Taa akainama kwa shida, akaweka kidole kwenye maji, akakitoa haraka. "Yana moto! Na mafuta ya kuchemshia nani ananunua? Yaani tunauchemsha mto, tunautia rangi, halafu tunauacha uende zake bila hata ahsante? Tangu lini?"

"Tangu enzi za Mzee."

"Kaka yangu," alisema Zima Taa akitazama mbinguni, kwa sauti ya mtu atakayekuwa na mazungumzo marefu akifika huko. Kisha akamgeukia Nili. "Na wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni afisa wa mazingira."

"Unafanya nini?"

Nili alitafuta neno, akapata lile alilopewa zamani. "Nipo, Shangazi."

Zima Taa alirudi ofisini, akamwita fundi mkuu, na kutoka siku ile kiwanda hakikupata usingizi. Nyuma ya ghala kulikuwa na matangi ya zege ya zamani yaliyojaa vyuma chakavu. Yalitolewa vyuma, yakasuguliwa, maji ya rangi yakapelekwa humo yatulie. Kilichotuama chini kilirudishwa kazini kadiri ilivyowezekana. Maji ya suuza ya mwisho, ambayo karibu yalikuwa safi, yakawa maji ya kuloweka ya kwanza. Bomba la moto likapitishwa kando ya bomba la baridi ili moto usipotee bure. Machujio yalitengenezwa, yakaziba, yakatengenezwa tena. Wakuu wa idara walinung'unika, wengine wakawa wanafungulia maji kimya kimya mchana wakati wa chakula. Zima Taa alianza kula chakula chake akiwa kakaa juu ya koki.

Neno "mazingira" hakulitamka hata siku moja. Alipoletewa na mtaalamu mmoja mpango wenye neno hilo juu yake, alilikata kwa kalamu akaandika "upotevu", akausaini.

Ofisi ya Nili ikageuzwa stoo ya rangi zilizookolewa. Kiti chake kilibebwa mpaka nyuma ya karakana, kikawekwa ukingoni, mbele ya bomba.

"Mazingira yako ni haya hapa," Zima Taa alimwambia. "Likitoa rangi, piga kelele."

Nili aliona aibu isiyo na mfano. Alivaa tai siku mbili tatu pale ukingoni, halafu mbu wakamfanya aivue na kuitumia kuwafukuzia. Nyumbani alisema kahamishiwa kitengo cha nje. Mama Pacha aliitikia, "Hongera," na kugeuka upande ili asicheke mbele yake.

Lakini siku moja maji ya kijivu yalitoka bombani mchana kweupe, na Nili akapiga kelele. Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Watu walitoka mbio wakidhani mtu kaangukia mtoni. Msimamizi wa idara ya rangi, rafiki yake wa tangu ujana, alikuja akifunga koki huku amenuna.

"Nili, wewe tangu lini umekuwa askari wa maji?"

"Tangu niliponyang'anywa ofisi," alisema Nili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi wote wawili wakacheka.

Baada ya hapo alipiga kelele vizuri zaidi. Alikuja kujua kwamba kupiga kelele kwa wakati wake ni kazi, na inachosha, na mtu hulala baada yake. Bomba likawa linatoa kidogo, kisha matone, kisha siku nyingine halitoi kitu, na yeye hukaa tu pale akitazama matete yanavyorudi ukingoni. Wanawake wa upande wa chini wakaanza kufua mtoni. Samaki wadogo wakaja wenyewe, bila mtu kuwafuata na ndoo.

Mama mkwe ndiye pekee aliyelalamika. "Mkwe wangu, kiwanda chenu kimenitia hasara."

"Kwani nini tena, mama?"

"Zamani bata wangu walikuwa na alama. Nani angeiba bata wa zambarau? Akamuuze wapi? Sasa wamekuwa weupe kama wa kila mtu. Jana jirani kaingiza bandani watatu wangu na anaapa ni wake."

Nili aliomba vipande vya kitambaa idara ya kukata, akakaa barazani na mama mkwe wake, wakawafunga bata wote utepe mguuni, mmoja mmoja, bata wakipiga kelele kuliko yeye.

Habari za mto zilifika mjini, akaja mwandishi wa gazeti. Alimuuliza Zima Taa ni nini kilichomsukuma kulinda mazingira. "Mimi sina habari na mazingira," alisema Zima Taa. "Nina habari na ufujaji. Na wewe, hicho kinasa sauti chako kinaendelea kula betri wakati nimeshamaliza." Mwandishi alitoka na mistari miwili isiyotosha hata nusu ukurasa. Kwa hiyo akaenda kwa Bwana Kijani, kwenye Umoja, na huko alipata mchana mzima.

Ndiyo maana tuzo ya uongozi bora wa mazingira ilipotangazwa, ilikuwa ya Bwana Kijani, kwa kuuokoa mto.

Barua ya mwaliko ilikuja pia kwa mkurugenzi wa kiwanda. Zima Taa aliisoma, akaigeuza, akaona upande wa pili ni mweupe, akaiweka kwenye karatasi za kuandikia rasimu. "Nenda wewe," alimwambia Nili. "Ukumbi mzima taa zinawaka mchana. Mimi nikienda nitaugua."

Nili alivaa ile tai yake ya kufukuzia mbu. Ukumbini Bwana Kijani alisimama na kusema kwamba uongozi ni mbegu, na kwamba yeye aliipanda mbegu ile pale langoni, kwenye bwawa moja dogo, watu wakamcheka. Machozi yalimlenga, kweli kabisa. Akamwona Nili, uso ukamchanua. "Na yule pale ndiye afisa wangu! Njoo, njoo mbele!"

Nili alipanda jukwaani. Alikuwa amejiandaa, tangu asubuhi, kusema jina la Shangazi. Alikuwa amelisema njia nzima kimoyomoyo. Akapewa kipaza sauti. Akaona nyuso, kamera, maua. "Nashukuru," alisema, na makofi yakamfunika kabla hajafikia la pili. Aliporudi kitini alijua kwamba hakufunikwa. Alinyamaza mwenyewe.

Baadaye, kwenye vinywaji, Bwana Kijani alimvuta pembeni. "Nakuhitaji kwenye Umoja. Afisa mkuu. Ofisi ghorofani, gari, dereva. Kule unapoteza kipaji chako ukitazama bomba."

Moyo wa Nili uliruka, hatuna haja ya kuficha. Alijiona akishuka garini mbele ya mtaa mzima. "Nitafanya kazi gani, bosi?"

"Tunaanza na bwawa kwenye kila kiwanda mwanachama. Samaki wote watakuwa chini yako."

Nili aliwaona wote, kiwanda kwa kiwanda, wakipanda juu wakigeuza matumbo. "Bosi," alisema, "mgongo wangu si mzima."

"Utapewa kiti kizuri, cha magurudumu."

"Kiti ndicho kinachouumiza."

Kesho yake alimweleza Zima Taa yote, pamoja na lile la kunyamaza jukwaani. Zima Taa alikuwa anapima uzi. "Chakula kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, Shangazi."

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Basi angalau kuna kitu kimerudi nyumbani," alisema, akaendelea kupima.

Miguu ya Zima Taa ilianza kumkatalia. Bodi ikakaa, wajomba wakaamshwa, na akachaguliwa mtoto wa mmoja wao, kijana mwenye bashasha, anayependa mambo makubwa na kujipiga picha. Siku chache kabla ya kukabidhi ofisi, Zima Taa alimwita Nili nyuma ya karakana. Alikuwa kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando yake matofali na mfuko wa saruji uliofunguliwa zamani kwa kazi nyingine.

"Changanya," alimwambia.

"Tunajenga nini, Shangazi?"

"Tunaziba bomba. Maji yote sasa yanazunguka ndani, hili halina kazi. Likiachwa wazi, atakuja mtu atalipatia kazi."

Nili alichanganya taratibu kwa sababu ya mgongo, na Zima Taa akapanga matofali kwa mikono yake, vibaya sana. Ukuta ulikwenda upande.

"Shangazi, nikusaidie kuunyoosha?"

"Wa nini? Kwani unakwenda harusini?"

"Lakini si watauvunja tu?"

"Ukoo wetu naujua," alisema, akifuta saruji kwenye kanga yake. "Mpaka ipatikane nyundo, mpaka wabishane nani amlipe fundi, mpaka kikao kiahirishwe kwa sababu fulani hajafika. Wakifika huko watakuwa wameshazoea. Uvivu nao ni mlinzi, na halipwi mshahara."

Mkurugenzi mpya alipofanya ziara yake ya kwanza alifika pale, akauona ukuta umepinda mbele ya mto unaong'aa, ndege weupe wamesimama kwenye matete. Akauliza ni kitu gani. Nili, aliyeinuka kitini kwa heshima, akajibu kwamba ni ukuta. Mkurugenzi akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akautazama kama mtu anayechagua fremu. Mandhari ilimpendeza. Akaamuru upigwe lipu, uletwe mchoraji, na ichorwe picha kubwa: yeye mwenyewe, mkono mmoja umeshika mche, mwingine umeelekezwa mtoni.

Ilichorwa. Nili ndiye aliyeshika ngazi. Tangu hapo hakuna mtu kiwandani, hata meneja mwenye haraka kuliko wote, aliyethubutu kutaja habari ya kuvunja ukuta ule, maana angeanzia wapi, kwenye paji la uso au kwenye mdomo?

Jumapili Nili alikwenda kumjulia hali Zima Taa nyumbani kwake. Walikaa sebuleni, dirisha wazi, taa imezimwa. Alimsimulia habari ya picha mwanzo mpaka mwisho.

Zima Taa alisikiliza bila kucheka. "Rangi wametumia ya wapi?"

"Ile yetu tuliyookoa, Shangazi."

"Nyingi?"

"Uso wake ni mpana."

Zima Taa akahema kwa uchungu wa kweli, akammiminia mgeni wake chai, nusu kikombe.